Waya wa Spika ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mama, na za shemeji yako ambaye amesimama mlangoni akisubiri nimalize kuandika. Natumaini barua hii imekukuta na afya njema, shemeji naye yu salama na safari zake za lori, na watoto wanaendelea vizuri shuleni. Yule mdogo aliyeng'oka jino akalificha ndani ya kiatu unibusie sana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, anaoga mwenyewe, anakwenda dukani na kurudi. Ungetuchungulia dirishani ungesema hakuna nyumba tulivu kuliko hii mtaa mzima.

Nakuandikia kwa sababu nilikatazwa kukupigia simu. Aliyenikataza nitamtaja huko mbele. Nina ombi moja: ukianza kusoma, usimpigie mtu yeyote mpaka umefika mwisho. Na kama barua imekukuta kazini, ikunje uiweke, uisome ukiwa nyumbani umekaa. Mimi yalinikuta nimesimama.

Unajua kwamba baada ya msiba tulimshawishi mama ahamie kwetu, asibaki peke yake katika nyumba ile kubwa. Alikataa kwa muda mrefu, kisha siku moja akakubali bila kutupa sababu, akaanza kufungasha. Kabati la vyombo aliliacha. Kitanda akampa jirani. Lakini stereo ya marehemu baba alitaka ipakiwe kwenye gari la kwanza kabisa, akaifunga kwa mablanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali: amplifaya, mashine ya kaseti, boksi la kaseti zenyewe, na zile spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni.

Unazikumbuka. Ulipokuwa ukija kwetu likizo kutoka kwa mama mkubwa tulikuwa tukiegemea ile ya kulia tukihisi ngoma zinatugonga mgongoni. Ile ya kushoto kazi yake ilikuwa kubeba chombo cha maua. Baba alisema iliungua zamani, na ukimjua baba, akishasema kitu hakiguswi, hata vumbi lake unalifuta kwa adabu. Kwa hiyo mimi nimekua nikisikia muziki wa upande mmoja bila kujua. Nilipokuwa msichana nilikwenda harusi moja, wakapiga wimbo ambao nyumbani kwetu nilikuwa nimeuzoea tangu utotoni, nikasikia tarumbeta zinaingia katikati. Nikamwambia mwenzangu kwamba bendi hii imeongeza tarumbeta ili kujitafutia sifa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tarumbeta zilikuwamo siku zote, ila zilikuwa upande wa kushoto.

Basi mama alipotulia, shemeji yako akaamua kwamba stereo itafungwa upya, na itafungwa sawasawa. Unamfahamu. Huyu mtu akitaka kununua ndoo anasoma kwanza habari za ndoo. Kwa muda fulani mezani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine isipokuwa waya wa spika. Alinieleza kwamba waya ni kama bomba la maji: ukipeleka mbali, lazima uwe mnene, la sivyo nguvu inaishia njiani. Akanieleza kwamba pande mbili lazima zipate waya wa urefu mmoja, hata kama spika moja iko karibu na nyingine iko mbali. Mimi nikamwambia ule wa ziada utajikunja nyuma ya televisheni kama nyoka, na atakayefagia hapo si yeye. Mama alikuwa akitusikiliza huku akitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu tumzike baba.

Tulikwenda dukani sote wawili. Muuzaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa, akatutolea waya mnene kama kidole, umevikwa nguo ya kusokotwa, ncha zake za rangi ya dhahabu. Kwa bei yake ungenunua godoro na mito yake. Alisema kwa waya huo tutamsikia hata mwimbaji akimeza mate. Nilimwona shemeji yako anaanza kulainika, nikamwomba muuzaji aunganishe ule, kisha aunganishe wa kawaida, mimi niwe nimempa mgongo. Nikasikiliza. Nikamwambia sioni tofauti. Akanijibu kwa upole kwamba sikio linahitaji muda wa kuzoea. Nikamwambia hili langu limeshazoea mengi, linatosha. Tukanunua waya wa shaba wa kawaida, wa unene wa kadiri, wenye mstari mwekundu upande mmoja ili usichanganye chanya na hasi. Shemeji yako alinuna njia nzima, lakini alipofika nyumbani akakiri kwamba mwenyewe pia hakusikia tofauti.

Jumamosi mchana tukaanza kazi. Tulisogeza viti, tukapima waya sakafuni, tukaupitisha kando ya ukuta na juu ya fremu ya mlango ili mama asijikwae. Mimi nilikuwa nachuna plastiki kwenye ncha kwa kisu kidogo, nasokota nyuzi za shaba zikae pamoja, maana alinionya kwamba uzi mmoja tu ukitoroka ukaugusa wa jirani, amplifaya inaweza kuungua. Spika ya kulia tukaifunga. Tulipoigeuza ya kushoto, shemeji yako akaniita nije nione.

Nyuma ya spika kulikuwa na kipande cha waya wa zamani, kifupi tu, kingali kimebanwa mahali pake. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, vizuri sana, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Kule kwenye amplifaya kulikuwa na kipande kingine, nacho kimezungushiwa vivyo hivyo. Shemeji yako alifungua utepe, akatazama zile nyuzi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii haikukatika. Imekatwa."

Akachukua betri ndogo ya tochi, akaigusisha kwenye ncha. Spika iliyokufa tangu sijazaliwa ikakohoa. Tukatazamana. Akarudia, ikakohoa tena.

Nilicheka, dada. Nataka ujue kwamba nilicheka, kwa sababu nilidhani ni mojawapo ya mambo ya baba, labda alikuwa akibana umeme. Nikaenda jikoni kumsimulia mama. Akashangaa sana, akasema miaka yote hiyo yeye alijua imeungua, na kwamba mzee wangu alikuwa na siri za kijinga. Akaja sebuleni na kitambaa cha kukaushia vyombo begani, amefurahi kwamba safari hii atasikia pande zote mbili. Tulimwachia achague kaseti. Akachagua ile isiyo na jalada, ya gitaa la baba mwenyewe, aliyokuwa akiipiga kila Jumapili baada ya chakula. Unaijua na wewe. Baba anapiga gitaa peke yake, anakohoa mara moja, kiti kinalia. Nyuma kabisa kuna sauti ndogo isiyoeleweka, ambayo siku zote tuliamini ni redio ya jirani.

Shemeji yako akabonyeza kitufe. Kulia likaja gitaa, lile lile. Kushoto akaja mwanamke anaimba.

Alikuwa na sauti changa, safi, yenye haya kidogo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mama. Nilikuwa nageuka nimpongeze, nimwambie hakuwahi kutuambia kwamba ana sauti kama hiyo, nikaona uso wake. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

Kisha akaingia mtoto. Mtoto mdogo wa kike, wa umri wa kuanza kusema maneno marefu. Alikuwa akidakia mwisho wa kila mstari, amechelewa, na nusu ya maneno amekosea. Mama kwenye kaseti akacheka, akamwambia asivute waya. Mtoto akauliza kwa nini baba amefungiwa chumba kingine. Mama akamwambia hajafungiwa, anapiga gitaa, na sisi tunaimba huku, halafu vyote vitakuwa pamoja. Mtoto akauliza kama baba anawasikia. Akaambiwa anasikia. Basi akasogea karibu na maikrofoni, tulisikia pumzi yake kwanza, akaita kwa nguvu mpaka mbao za spika zikatetemeka: "Baba, unanisikia?"

Mama alisema, "Zima." Shemeji yako akanyoosha mkono. Mama akasema, "Acha." Tukasimama hivyo, sote watatu, mpaka upande wa kaseti ukaisha na mashine ikajizima yenyewe. Mama akaokota kitambaa chake, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Dada, sijui nikueleze vipi. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikiwa mtoto wa pekee. Nilimfuata mama, nikamuuliza kupitia mlango kama yule mtoto ni mimi. Akanijibu kwamba mimi nilikuwa sijazaliwa. Basi nikajua nilikuwa na ndugu, na nikajua amekufa, kwa sababu ningewaza nini kingine? Nilimlilia mtoto ambaye nilikuwa nimemfahamu kwa muda wa wimbo mmoja. Nilijaribu kukumbuka kama kuna kaburi dogo ambalo tuliwahi kupelekwa tukiwa wadogo, sikulikumbuka. Shemeji yako alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya mabaki ya plastiki za waya, akakaa karibu nami. Usiku ule chakula kilipoa mezani, hakuna aliyekigusa.

Asubuhi yake mama alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Bila kuniangalia akaniambia nikae, nishike pembe za shuka. Akaanza kunisimulia huku tunakunja, na kila shuka ilipoisha alichukua nyingine, hata zile zilizokuwa zimekunjwa tayari akazikunjua tukazikunja upya.

Alisema mtoto wao wa kwanza alikuwa binti. Kaseti ile walirekodi wakiwa na furaha kuliko wakati wowote mwingine. Yeye aliona haya kuimba mbele ya baba, ndiyo maana baba akapitisha waya wa maikrofoni ya pili hadi chumba kingine na kufunga mlango. Muda si mrefu baadaye mama akaanza kukohoa damu. Ilikuwa kifua kikuu, kimeshakomaa. Wakamlaza katika hospitali ya mbali ambako watoto hawakuruhusiwa hata kufika getini, na baba alikuwa akifanya kazi za zamu. Mtoto akapelekwa kwa mtu aliyempenda na aliyekuwa na nafasi, akae naye mpaka mama apone.

Kupona kulichukua karibu miaka miwili. Walipokwenda kumchukua, mama alikuwa amemshonea gauni. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya yule aliyemlea, na jioni, mbele ya watu wote, akauliza huyu mgeni ataondoka lini. Walikaa pale siku kadhaa wakijaribu. Kila mama alipomshika, alilia mpaka anatapika. Baba alisema wamchukue tu, mtoto husahau. Mama akamjibu, na haya maneno aliyarudia kwangu akiwa ameishika shuka kifuani: "Ameshasahau mara moja. Sitamsahaulisha mara ya pili." Na yule aliyemlea alikuwa mwanamke ambaye mimba zake zote zilikuwa zimeharibika. Alikuwa ameanza kupakia nguo za mtoto kwenye sanduku bila kuombwa, anapakia huku machozi yanadondokea nguo. Mama akamwambia azitoe.

Walikubaliana mtoto asiambiwe, asije akaishi mguu ndani mguu nje. Watu wazima wote wa ukoo walijua, na wote walinyamaza, na wengi wao tumeshawazika.

Nilimuuliza mama mtoto huyo yuko wapi sasa. Aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akasema, kwani hujui?

Ni wewe, dada. Yule aliyekulea ni mama mkubwa. Sauti iliyo kwenye spika ya kushoto ni yako.

Nimeacha kalamu hapa nikaenda kunywa maji. Sitaki ufikiri kwamba nimeliandika jambo hili kwa wepesi.

Kuna la baba, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mama aliporudi mikono mitupu alimwomba aitupe ile kaseti, kwa sababu asingeweza kuisikia tena. Baba akamwambia ameshafuta upande wa sauti, limebaki gitaa tu. Akakata waya, akasema spika imeungua. Mama aliamini. Lakini unazikumbuka zile hedifoni zake kubwa, ambazo hata mimi nilichapwa kwa kuzigusa? Alikuwa akizivaa alasiri, amefumba macho, na ukimwita haitiki. Hedifoni hazipiti kwenye waya wa spika, dada. Zina pande zote mbili. Shemeji yako ndiye aliyenieleza hivyo, na alipomaliza kueleza alitoka nje.

Umeniuliza mara nyingi umemkosea nini baba, yeye uliyemwita baba mdogo. Uliniuliza alipotoka nyumbani kila ulipokuja likizo, akarudi umeshalala. Uliniuliza siku ya harusi yako, alipotuma zawadi kubwa na yeye mwenyewe asije. Mimi nilikujibu kwamba ndivyo alivyo, hana mapenzi na wageni. Nilikuambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Mama anasema alikuwa ameapa mbele ya wote kwamba hatasema, na alijijua: angekaa nawe chumba kimoja kwa muda wa chai moja tu, angesema. Kwa hiyo alikuwa akikukimbia. Na siku ya kumzika ulikaa nyuma na majirani, ukaniambia hutaki kusogea mbele kwa mtu ambaye hakukutaka.

Mama alimpigia simu mama mkubwa siku ileile. Waliongea muda mrefu, na kwa muda mwingi sikusikia maneno, nilisikia pumzi tu. Mwishowe nikapewa simu mimi. Mama mkubwa ndiye aliyenikataza kukupigia. Alisema kwa simu utakata, halafu utabaki na nusu ya habari, lakini barua unaweza kuiweka chini ukaiokota tena. Alisema alidhani siku hii itafika yeye akiwa ameshaondoka duniani, na kwamba yuko nyumbani, haendi popote, na mlango wake haufungwi. Alitaka niandike neno moja kama alivyolisema. Alisema, "Mwambie sikumwiba." Nikamwambia hakuna anayesema hivyo. Akasema niliandike hivyohivyo.

Mama naye nilimuuliza kama ana la kukuambia. Hataki uanze kumwita jina jingine, anasema mama unaye, na anayestahili kuitwa hivyo ni yule uliyemlilia. Hataki uje upesi wala ujilazimishe kuja. Nilidhani amemaliza, nikawa nainuka. Ndipo akanishika mkono, akaniambia nikuulize kama sikio lako la kulia bado linakusumbua ukipata mafua. Ulipokuwa mdogo lilikuwa likikuuma, na alikuwa akilipasha joto kwa kitambaa kilichopigwa pasi mpaka unalala. Alitaka kujua nani alikuwa akikufanyia hivyo yeye alipokuwa hospitalini, na kama hukuachiwa maumivu.

Mimi nimekujua maisha yangu yote, na sikujua kwamba una sikio linalouma.

Ukiwa na hasira, nirushie mimi, nitaipokea. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ila hilo la sikio nijibu, hata kwa mstari mmoja, maana kila mlio wa simu unampa mama matumaini, naye anajifanya hausikii.

Wasalimie shemeji na watoto. Shemeji yako anakusalimu, na mama anakusalimu kwa namna ambayo siwezi kuiandika.

Wako wa damu,
Mdogo wako